Ripoti ya kitabu si kazi ya gundi

SWALI: Mwalimu, shikamoo na pole na kazi. Mwanangu ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Mwalimu wao aliwataka wasome kitabu cha hadithi kisha walete ripoti ya kibunifu badala ya muhtasari wa kawaida. Yeye alisoma hadithi ya msichana anayemwokota mbwa aliyepotea na kumficha ili mwenyewe asimpate. Tulimtengenezea onyesho ndani ya sanduku la viatu: nyumba, miti, mbwa wa udongo, mpaka taa ndogo. Tulikesha siku mbili na kila aliyeliona alilisifu. Darasani aliulizwa kwa nini msichana alimrudisha mbwa mwishoni, akanyamaza, akapewa alama ndogo. Jirani ananiambia mtoto wangu ni wa kujifunza kwa macho, asisumbuliwe na maandishi, na amenionyesha tovuti inayouza miradi iliyokwisha tengenezwa, unachapa na kubandika tu. Muhula ujao kuna ripoti nyingine. Ninunue? Na kwa umri huu mradi gani unafaa?

JIBU: Marahaba, mama. Usinunue. Na kabla hatujafika kwenye mradi upi unafaa, rudi kwenye lile swali lililomnyamazisha, kwa sababu lile ndilo lilikuwa ripoti yenyewe. Mwalimu hakumuuliza jambo la pembeni. Msichana anampenda mbwa, anamficha, kisha anamrudisha kwa mkono wake mwenyewe. Hadithi nzima imesimama juu ya kugeuka huko. Mtoto aliyekaa na kitabu mpaka kikamwingia angekuwa na la kusema, hata kama ni sentensi moja ya kubabaika. Sanduku halikumpa la kusema kwa kuwa wakati wa kulitengeneza hakuna mahali palipomlazimu kulifikiria jambo hilo.

Barua za namna hii hunifikia kila msimu wa miradi, na karibu zote zimebeba imani ileile: kwamba ubunifu uko kwenye vifaa. Ikiwapo kadibodi, gundi, karatasi ya manila na vitu vinavyometameta, basi kazi imekuwa ya kibunifu. Katika ufundishaji wa kusoma hakuna imani inayoniudhi kama hii. Inawachosha wazazi, inawapa watoto sifa wasizozifanyia kazi, na inakula saa ambazo zingetumika kusoma.

Daniel Willingham, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani, alilieleza vizuri tatizo hili katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu sababu za wanafunzi kutopenda shule. Anasema kinachobaki kichwani ni kile ulichokifikiria. Anataja mwalimu wa darasa la nne aliyekuwa akifundisha habari za njia za siri walizopita watumwa wa Marekani kuutafuta uhuru. Ili somo linoge, aliwapa wanafunzi kazi ya kuoka vimkate, kwa sababu ndicho kilikuwa chakula cha watoro hao. Kwa makadirio ya Willingham, watoto walifikiria uhusiano wa vimkate na utoro kwa sekunde 40, kisha wakatumia dakika 40 kufikiria kupima unga na kuchanganya mafuta.

Sanduku lenu ni hesabu hiyohiyo. Kwa siku mbili mawazo ya mwanao yalikuwa kwenye miguu ya mbwa isiyotaka kusimama, gundi isiyokauka na taa isiyowaka. Hayo si mambo mabaya, na siku ya somo la sanaa ningeyapigia makofi. Ila alipoulizwa habari ya msichana, alikwenda kuchota mahali ambapo hakuwahi kuweka kitu.

Kwa hiyo mradi wowote utakaopendekezewa, wewe au mwalimu, uupitishe kwenye swali moja: mtoto ambaye hakusoma kitabu, aliyeona jalada tu na kusimuliwa hadithi kwa dakika moja, angeweza kuufanya? Kama angeweza, hiyo si ripoti ya kitabu. Kuchora jalada jipya peke yake kunaanguka hapo. Bango lenye jina la kitabu, jina la mwandishi na picha ya mhusika mkuu linaanguka. Kuvaa nguo za mhusika na kupita mbele ya darasa kunaanguka vibaya zaidi, kwa sababu anayeshinda ni mzazi mwenye cherehani.

Hata sanduku la viatu linaweza kuokolewa, na ningependa muhula ujao mlijaribu tena, ila kwa masharti mengine. Mtoto achague tukio moja tu, lile ambalo likiondolewa hadithi inavunjika. Kulichagua ndiyo kazi kubwa, na atalifanya peke yake, kitabu kikiwa mkononi, akirudi nyuma na kwenda mbele kutafuta. Kila kitu atakachokiweka ndani kiwe na ukurasa wake: kama kuna dirisha, aonyeshe mwandishi amelitaja wapi na lina kazi gani. Kisha kuwe na kitu kimoja ambacho hakionekani kwenye kitabu lakini mtoto anaweza kukitetea, kwa mfano alichokuwa nacho msichana mfukoni usiku ule alipokuwa hapati usingizi. Hapo ndipo ubunifu unapoanza. Mti wa karatasi hauhitajiki kabisa, na mbwa anaweza kuwa kipande cha kadibodi kilichokatwa kwa mkasi butu.

Kwa umri wa miaka minane hadi kumi, mradi ninaoupenda kuliko yote ni shajara ya mhusika, na ndio unaoharibiwa kuliko yote. Unaharibiwa pale mtoto anapoandika, “Leo nilimwona mbwa. Nikampeleka nyumbani. Nikampa chakula.” Huo ni muhtasari uliobadilishwa nafsi, basi. Shajara ni mahali pa kuandika usichoweza kumwambia mtu. Mwambie aandike kurasa mbili fupi tu, moja ya usiku kabla msichana hajabadili mawazo na nyingine ya usiku baada ya hapo. Katika ile ya kwanza msichana bado anajidanganya: mwenye mbwa huenda alikuwa mkatili, mbwa mwenyewe ananipenda mimi, hakuna anayemtafuta. Katika ya pili hawezi tena kujidanganya. Ili aandike hizo kurasa mbili, mtoto lazima ajue ni nini kilichotokea kati ya usiku huu na ule, tena ajue kilimgusaje msichana. Mistari sita kila ukurasa inatosha. Makosa ya tahajia yaache mpaka mwisho.

Ukitaka kumpandisha kidogo, aandike barua kutoka kwa yule aliyepotelewa na mbwa. Mtu huyo katika kitabu pengine anaonekana mara mbili tu, kwa hiyo mtoto atalazimika kukusanya vidokezo vichache na kuvijengea mtu mzima. Watoto wengi hushangaa wanapogundua kwamba katika barua hiyo msichana wao mpendwa ni mwizi.

Kuna pia mfuko wa vitu vitano. Mtoto anakusanya vitu vya nyumbani, hanunui, na kila kimoja kinasimama badala ya jambo fulani katika hadithi. Kamba haitakiwi kuwa kamba ya mbwa. Ikiwa ni kamba ya mbwa, amechukua kifaa tu. Ikiwa ni uzi uliofungwa fundo kwa sababu uongo wa msichana kwa mama yake ulizidi kukaza kila alipoongeza mwingine, mtoto amesoma. Hapo hata mimi hunyamaza nikamsikiliza.

Kama kuandika kunamchosha, mketishe kitini awe msichana wa hadithi, wewe na ndugu zake mumhoji naye ajibu kwa nafsi ya kwanza. Swali lake gumu tayari unalo.

Lakini chochote mtakachochagua, kabla ya mkasi kitabu kifungwe na mtoto akusimulie kilichotokea, bila kuchungulia. Atakwama. Akikwama afungue, atafute, afunge tena. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma makala na kuirudia na wale waliosoma kisha wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya wiki, waliojikumbusha wenyewe ndio waliobakiwa na mengi zaidi. Wanafunzi hao walikuwa wa chuo kikuu, lakini kwa watoto wadogo pia kujikumbusha husaidia, tena hakuhitaji kifaa chochote.

Sasa habari ya kujifunza kwa macho. Najua jirani anakutakia mema, na najua wako watu wanaouza majaribio ya kumpanga mtoto kama ni wa macho, wa masikio au wa mikono. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti za madai hayo. Walitaka kitu kimoja cha haki kabisa: ionyeshwe kwamba watoto wa macho hufaulu zaidi wakifundishwa kwa macho, na wa masikio wakifundishwa kwa masikio. Hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuwapanga watoto namna hiyo darasani. Picha nzuri husaidia karibu kila mtoto. Kumwondolea mtoto maandishi kwa sababu ya jina alilobandikwa ni kumnyima kile hasa anachokihitaji, na mwaka baada ya mwaka pengo linapanuka huku watu wazima wakiliita kipaji.

Na jina hilo hufanya ubaya mwingine, huficha tatizo la kweli. Ningependa ulipime hili nyumbani wiki hii. Mpe ukurasa wa kitabu alichokisoma, akusomee kwa sauti, kisha akueleze ukurasa huo umesema nini. Siku nyingine msomee wewe ukurasa wa ugumu uleule, naye akueleze. Watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer walipendekeza mwaka 1986 kwamba kuelewa maandishi ni zao la kuzidisha mambo mawili, uwezo wa kuyatambua maneno yaliyoandikwa na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe. Moja likiwa sifuri, zao ni sifuri. Kama mwanao anaelewa vizuri unapomsomea lakini akisoma mwenyewe anakwama neno kwa neno, shida iko kwenye kuyasoma maneno, na hakuna sanduku wala shajara itakayoitibu. Anahitaji kufundishwa herufi na sauti zake kwa utaratibu, na macho yake yapimwe. Kama haelewi hata unapomsomea, huenda kitabu kimemzidi, au maneno na mambo yanayozungumzwa hayajui. Na kama anaelewa kote kuwili, basi kitabu hakukisoma, alikipitia, na dawa yake ni ile ya kufunga kitabu na kusimulia.

Miradi ya kuchapa na kubandika inaondoa kila kitu kati ya hivyo. Nafasi za kujaza zimeshapangwa, hivyo mtu mwingine ameshaamua ni kipi muhimu kwenye hadithi. Mtoto anabaki na kupaka rangi. Kundi moja na hizo ni muhtasari wa bure mtandaoni, programu za akili mnemba zinazotoa ripoti nzima kwa kubonyeza mara moja, mafundi wanaochukua malipo kutengeneza mradi wa mtoto wasiyemjua, na zile kozi zinazoahidi kumfanya mtoto asome mara tatu ya kasi yake bila kupoteza maana. Hiyo ya mwisho isikushawishi hata kidogo. Mtafiti wa usomaji Keith Rayner na wenzake waliipitia sayansi ya usomaji katika makala ya mwaka 2016 wakaonyesha kwamba ukiongeza kasi mno, uelewa unashuka. Anayeahidi vyote viwili anauza kitu asichonacho.

Walimu nao wasikilize. Ukitoa alama 10 kwa unadhifu na mapambo na alama 5 kwa maudhui, umewaambia wazazi wakeshe, nao watakesha. Kazi ikipelekwa nyumbani kwa wiki mbili, unayempima ni mwenye muda na fedha. Toa mradi ufanyike darasani, vitabu vikiwa wazi mezani, penseli na karatasi zilezile kwa wote. Kila mtoto aulizwe maswali mawili ya kwa nini, na majibu hayo yachukue zaidi ya nusu ya alama. Walimu wengi huniambia darasa ni kubwa, hawawezi kumhoji kila mtoto. Basi wahojiane wawili wawili, maswali yakiwa yameandikwa ubaoni, nawe upite kati yao ukisikiliza.

Nawe mama, mwalimu wa mwanao alifanya jambo sahihi kuuliza swali lile. Mwombe akupe vigezo vya kusahihisha kabla ya ripoti ijayo, na umwulize kama mtoto anaweza kulijibu swali lile sasa, akisharudia sura ya mwisho. Gundi ya muhula ujao aishike yeye mwenyewe, hata ikimwagika.