Jibu: Namba 69 ya kipima gesi za hewani kupanda usiku mjini Moshi
Mkuu, umeuliza kwa nini namba 69 (uzito wa molekuli ya gesi ikiongezewa protoni na mashine yako) inapanda saa mbili usiku hapo mjini Moshi, ilhali 69 ni ya isoprini, gesi ambayo mimea huitoa kukiwa na mwanga. Mshuku furani, gesi ya moshi wa kuni. Kwadrupoli yako, kichujio cha ioni (molekuli zenye chaji) ndani ya mashine, inasoma uzito kwa namba nzima tu, kwa hiyo 69.03 ya furani na 69.07 ya isoprini inaziona kitu kimoja. Mashine inayopima muda wa ioni kuruka ndiyo huzitenganisha. Tazama 42, namba ya asetonitrili, gesi nyingine ya moshi wa kuni: ikipanda sambamba na 69, jiko limejitaja lenyewe. Ila kwanza pata sifuri ya kweli, yaani usomaji wa hewa isiyo na gesi hizi: pitisha hewa kwenye kichocheo cha platinamu, nyuzi 350, kiziunguze. Bomba la teflon linaloingiza hewa lipashe hadi nyuzi 60, la sivyo baridi ya usiku hutia matone ndani, na methanoli, gesi inayoyeyuka majini, inaishia humo.