Karavani inalia kwenye kona: usipake grisi kabla hujaangalia kikombe

Mkuu, swali lako nimelisoma na majibu ya wadau waliotangulia nimeyasoma. Umenunua karavani (nyumba ya kuvutwa na gari) ya mtumba huku Uingereza, kikombe chake, yaani kile kichwa cha mbele kinachokaa juu ya tufe la gari, ni cha kampuni ya AL-KO chenye stebilaiza ya kuzuia karavani isiyumbe, umefungiwa chuma kipya cha kuvutia chenye tufe kwenye gari lako, na sasa kila ukiingia kipilefti nyuma kunalia kama mlango wa stoo usiofunguliwa tangu mvua za masika. Jirani kakwambia upake grisi kwenye tufe. Hapa jukwaani nusu wanasema paka, nusu wanasema thubutu.

Nimefanya ufundi kwenye karakana ya karavani upande wa Midlands, na yangu mwenyewe naivuta kila kiangazi kwenda Wales na familia. Usipake. Na kama umeshapaka, soma mpaka chini kuhusu pedi.

Jirani yako si mwongo, ila anazungumzia kikombe cha aina nyingine. Kuna kikombe cha kawaida, kile ambacho ndani yake ni chuma kitupu, kinakaa juu ya tufe na kufungwa na ulimi kwa chini. Hapo chuma kinasugua chuma, na grisi kidogo inapunguza kulika. Tela za boti, tela za jenereta, vitela vya mafundi ujenzi, vingi viko hivyo, nyumbani na huku pia. Ndiyo maana wengi wetu tuliokulia gereji za Bongo au Mombasa tukiona tufe kavu mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo la grisi.

Kikombe chako ni kingine. Modeli ya AL-KO iitwayo AKS 3004 ina pedi nne za msuguano ndani, mbele, nyuma, kushoto na kulia. AKS 1300 ni ndugu yake mdogo, na kampuni ya Winterhoff nao wana WS 3000 inayofanya kazi kwa wazo hilohilo. Ukishafunga kikombe, unakandamiza mkono wa stebilaiza kwenda chini, na pedi zinalibana tufe kwa nguvu. Karavani ikitaka kuyumba, pedi zinakataa. Sasa fikiria uko M1, motowei ya magari ya kasi, lori refu linakupita, upepo wake unasukuma ubavu wa karavani, mkia unaanza kucheza kushoto kulia. Kinachokuokoa kwenye ile sekunde ya kwanza ni msuguano wa pedi kwenye tufe. Ile ni breki, mkuu. Nani anapaka grisi kwenye diski ya breki?

Tukija kwenye kelele yako. Umesema tufe ni jipya. Liangalie: bado ni jeusi? Nakaribia kuapa ndiyo. Matufe mengi yanatoka kiwandani yamepakwa rangi ili yasishike kutu dukani, na mfungaji anafunga chuma, anaunganisha nyaya, anakupa funguo, basi. Rangi anakuachia wewe. Ukivuta safari ya kwanza, pedi zinaikwangua ile rangi, unga wake unapata moto na kuganda juu ya pedi, uso wa pedi unakuwa mgumu unaong'aa, na hapo ndipo makelele yanapoanza, hasa kwenye mwendo mdogo: kona, kipilefti, kuingia kambini huku watu wote wamekaa nje na chai yao wanakutazama.

Hakikisha kwanza kuwa kelele inatoka hapo. Tafuta uwanja mtupu, inua mkono wa stebilaiza (wa stebilaiza tu, kikombe kibaki kimefungwa), zunguka taratibu. Kelele ikipotea, ni pedi na tufe. Ikibaki, kagua bolti za chuma cha kuvutia na sehemu nyingine za chini kabla hujagusa kitu kingine. Ukimaliza, rudisha mkono chini. Usiingie barabarani umeusahau juu.

Kuondoa rangi si kazi ngumu, ila inataka subira. Chukua msasa wa namba 200 hadi 240, ule wa kitambaa ni bora kuliko wa karatasi kwa sababu haukatiki. Kata utepe wa upana wa vidole viwili, uzungushe nyuma ya tufe, shika ncha mbili na uvute huku na huku. Badilisha upande, rudia. Usiishie juu tu panapoonekana. Pedi hazibani kichwani, zinabana ubavuni, na ulimi wa kikombe unashika chini ya kiuno cha tufe, kwa hiyo piga magoti uone kule chini kote kumebaki chuma cheupe. Usitumie grainda. Nimeona tufe lililosafishwa kwa grainda, lilikuwa na vibapa pembeni, likawa halina kazi tena.

Halafu futa kwa dawa ya kusafishia breki au methileti, kwenye kitambaa safi. Kitambaa kikitoka na weusi, geuza upande na ufute tena, mpaka kitoke kama kilivyoingia. Petroli na dizeli hapana, zinaacha mafuta. Ile dawa ya kopo ya kupulizia bolti zilizoshika kutu ndiyo mbaya kabisa, maana watu wanadhani inasafisha, kumbe inaacha utando wa mafuta usioonekana kwa macho. Kelele inakata siku ile, na stebilaiza nayo inakata kazi, na mwenye gari anaendelea kutamba kwamba kapata dawa.

Pedi sasa. Fungua kikombe na umulike ndani kwa tochi. Zikiwa na vumbi au uso umekuwa laini na kung'aa, zisugue kidogo kwa msasa huohuo, futa vumbi, funga. Zikiwa zimenywa grisi au mafuta, usihangaike kuzisafisha. Pedi iliyonywa mafuta inayatoa tena ikipata joto. Nunua seti mpya ya kikombe chako, na kabla hujazifunga safisha ndani ya kikombe chote, maana grisi iliyobaki kwenye kona itashuka kwenye pedi mpya wiki ileile. Kuzibadilisha si kazi ya kutisha, ila fuata kitabu cha modeli yako, na kama hujawahi kushika spana mpe fundi wa karavani. AKS 3004 ina alama pembeni za kuonyesha pedi zimelika kiasi gani. Unazisoma ukiwa umeshafunga karavani kwenye gari na mkono uko chini. Alama ikipita kiwango, unabadilisha, hata kama kelele hakuna.

Kuna mdau hapo juu kauliza kuhusu kutu. Tufe lisilo na rangi litashika kutu nyepesi ya rangi ya chungwa likilala nje usiku mmoja wa mvua, na huku mvua ndiyo hali ya hewa. Hiyo isikutishe. Kitambaa kikavu, msasa kidogo, kwisha. Likitaka kukaa muda mrefu, livalishe kofia ya plastiki, lakini hiyo kofia iwe safi na kavu. Nimeshuhudia tufe lililosafishwa vizuri likachafuliwa tena na kofia iliyotoka kwenye gari la kuvutia boti, ndani imejaa grisi ya miaka. Wazee wa huku wanapasua mpira wa tenisi na kulivika, nao unafanya kazi. Na kama unabeba baiskeli kwenye kibebeo kinachobana kwenye tufe, lifute kabla na baada.

Jambo moja linawachanganya wenye chuma cha kuvutia cha kuchomoa. Mle ndani panapoingia shingo ya tufe pana mtambo wa kufunga, na huo kitabu kinaweza kukuambia uupake kilainishi kidogo. Fuata kitabu. Ila futa mikono, badilisha kitambaa, usikishike tena kile kitambaa ukaenda kufutia tufe.

Vipimo. Tufe la Ulaya ni milimita 50. Pima kwa kalipa (kile kipimo cha kubana chenye milimita), na upime pande kadhaa, mbele kwenda nyuma na kushoto kwenda kulia, kwa sababu haliliki sawasawa, mara nyingi linakuwa kama yai. Likifika milimita 49 popote, ondoa. Usibahatishe. Na unaponunua mtandaoni soma vizuri: la Kimarekani la inchi 2 ni milimita 50.8, na liko la inchi 1 na 7/8 ambalo ni kama milimita 47.6. Hilo la mwisho ndilo la hatari, maana kikombe chako kitaingia bila shida, utaona kimekaa, na siku ya tuta kubwa kitaruka.

Tena angalia shingo. Kama tufe lako ni lile la kufungwa kwa bolti mbili, vikombe vya AL-KO vyenye stebilaiza vinataka tufe la shingo ndefu. La shingo fupi linaacha mwili wa kikombe ugonge chuma unapokata kona kali au ukipita kwenye mwinamo, na hiyo pia ni kelele, tena ya kuvunja kitu. Lenye shingo iliyopinda ya kipande kimoja kwa kawaida halina tatizo hilo. Bolti zenyewe ni za milimita 16, zikazwe kwa spana ya kipimo kwa namba iliyo kwenye kitabu cha chuma chako, na zirudiwe baada ya safari za mwanzo. Rangi iliyonaswa kati ya bamba mbili inalika, na bolti inalegea bila mtu kuigusa.

Kufunga. Unashusha kikombe juu ya tufe mpaka kilie kwa kujifunga na kitufe kionyeshe kijani. Kijani peke yake hakitoshi. Zungusha kigurudumu cha pua, kile kidogo cha mbele ya karavani, kushuka, kama unataka kuinua karavani, mpaka mkia wa gari unyanyuke sentimita mbili tatu. Kikombe kikibaki kimeshika, ni salama, rudisha kigurudumu juu na ukikaze. Kikitoka, umshukuru Mungu kimetokea hapo nyumbani. Mkono wa stebilaiza unafuata baada ya hapo, si kabla. Kebo ya breki ya dharura ichomeke kwenye pete yake kwenye chuma cha gari, isizungushwe tu shingoni mwa tufe kama pete ipo, wala isijisokote kwenye kigurudumu. Kazi yake ni kuvuta breki ya karavani na kisha kukatika, endapo mambo yameharibika, kwa hiyo isiwe imekaza kiasi cha kuvuta breki kwenye kona.

Sasa nikuambie kitu ambacho wauzaji hawakisemi sana: stebilaiza haitengenezi mzigo mbaya. Karavani iliyopakiwa nyuma itayumba hata tufe likiwa safi kama sahani. Uzito wa pua unaokaa kwenye tufe uwe kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wa karavani ikiwa na mizigo. Ya kilo 1,300 ni kilo 65 hadi 91. Halafu soma kibati cha chuma cha kuvutia na kitabu cha gari. Kikisema mwisho 75, basi mwisho ni 75, asilimia hazikuombei. Kupima, weka mizani ya bafuni chini ya kikombe, simamisha kipande cha mbao kati yake, urefu utakaofanya karavani ikae usawa, kisha shusha pua taratibu juu ya mbao. Magurudumu yawekewe kabari. Vitu vizito, hema la mbele, maji, makopo ya chakula, viwe chini na karibu na ekseli. Ndugu zetu tunapenda kuweka gunia la mchele nyuma kabisa chini ya kitanda, litoe huko.

Uliuliza pia kama leseni yako inaruhusu. Tangu tarehe 16 Desemba 2021, leseni ya kawaida ya gari ya Uingereza inaruhusu kuvuta tela la hadi kilo 3,500 bila mtihani wa ziada, ila uwezo wa gari lako ndio unaoamua kabla ya leseni. Mwendo wa mwisho ni maili 60 kwa saa kwenye motowei na barabara zenye ukingo kati ya wanaokwenda na wanaokuja, 50 kwenye barabara za kawaida zisizo na ukingo huo, na kwenye motowei ya njia tatu usiguse ya kulia kabisa. Namba ya gari iwe nyuma ya karavani.

Kwa hiyo wikendi hii: msasa, dawa ya breki, tochi, kalipa. Ukimaliza, zunguka tena uwanja uleule mkono ukiwa chini. Kelele kidogo ya pedi kavu kwenye kona ya taratibu inaweza kubaki siku za mwanzo, hiyo vumilia. Ikiendelea kulia vilevile, weka hapa picha tatu: tufe kwa ubavu, pedi kwa ndani, na maandishi yaliyo kwenye mwili wa kikombe. Hayo maandishi ndiyo yatakayotuambia ununue pedi gani, kwa sababu za 3004 na za 1300 haziingiliani, na dukani wakikuuliza modeli usiwajibu tu kwamba ni ya AL-KO.