Kabla hujafungua laptopu kutafuta njia bora, nenda kapande lori

Mnaoanza masters mwaka huu kwenye mambo ya mipango, ufanisi, lojistiki, operesheni risachi (hesabu za kusaidia kufanya maamuzi) na hizo zote zinazofanana, wengi naona swali la kwanza mnauliza nitumie programu gani, na mimi naomba niseme mapema kabisa kwamba hilo swali linaweza kusubiri. Programu utajifunza ndani ya wiki tatu. Kinachokula mwaka wa mtu ni kutojua anapunguza nini na anamfanyia nani.

Utafiti wangu ulikuwa wa kupanga njia za malori ya soda hapa Dar, mzigo unatoka ghala moja unaenda kwenye maduka ya Temeke, Tandika, Mbagala mpaka Kariakoo. Lori moja lina vituo kama 20 kwa siku. Ukitaka kujaribu kila mpangilio wa vituo 20 unapata namba ya tarakimu 19, hakuna kompyuta ya kawaida ya kuipitia moja moja, kwa hiyo tunatumia njia za kihesabu zinazokata yale yasiyo na maana. Hilo tatizo lina historia ndefu, watafiti Dantzig na Ramser waliandika mwaka 1959 kuhusu malori ya kusambaza petroli vituoni na mpaka leo watu bado wanalifanyia kazi. Mimi nilisoma yote hayo, nikakaa miezi minne chumbani na ramani, nikatoka na njia yenye kilomita chache kuliko ile wanayopita kila siku, nikachapisha nikapeleka ghalani.

Dereva mmoja mtu mzima akaishika ile karatasi akaisoma yote taratibu, halafu akaniambia mwanangu, huyu uliyemweka wa kwanza saa mbili asubuhi hana hela, hela ya jana kaenda nayo sokoni alfajiri kuchukua mzigo mwingine, huyu mpaka saa sita ndo droo yake inakuwa na kitu. Na huyu wa nane chupa tupu anakuwa nazo jioni, bila tupu mimi simpi mzigo kamili. Nikamwambia sawa mzee, na huyu wa Kariakoo? Akasema pale ukichelewa ukaingia na lori mchana unatoka saa ngapi.

Kwenye modeli yangu, yaani zile hesabu zilizotoa njia, hakukuwa na hela, hakukuwa na chupa tupu, na muda wa barabarani niliuweka mmoja kwa siku nzima. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa ila ilijibu swali ambalo hakuna mtu pale ghalani alikuwa analiuliza. Nikaomba ruhusa nikapanda lori wiki mbili, nakaa katikati ya dereva na tingo na daftari mapajani, naandika tumefika saa ngapi, tumeshusha kreti ngapi, tumesubiri nini. Zile wiki mbili ndo zikawa tasnifu yangu, kwa kweli sura nzima ya tatu imetoka kwenye lile daftari.

Hili halitokei kwa wanafunzi tu. George Dantzig mwenyewe, yule aliyetengeneza mwaka 1947 simpleksi, njia ya kihesabu ya kutafuta jibu bora ndani ya vikomo ulivyoweka, kwenye miaka ya hamsini alitaka kupunguza uzito akaamua kompyuta impangie chakula. Lengo aliloipa ni ashibe, na shibe akaipima kwa uzito wa chakula ukitoa maji yaliyomo. Majibu yakaja na siki galoni 500 kwa siku, yaani karibu lita 1,900, kwa sababu kwenye zile data siki ilikuwa imeandikwa haina maji. Akaitoa siki, akarudia, safari hii ikamletea vidonge vya supu 200 kwa siku, maana hakuna popote alipokuwa ameandika kikomo cha chumvi. Mashine haikukosea hata mara moja, ilifanya alichoambiwa. Nikiwa nasoma kazi za wenzangu sasa hivi naanzia kwenye lengo na vikomo, nauliza siki iko wapi humu, na mara nyingi ipo.

Jambo lingine ambalo ningependa ulifanye mwezi wa kwanza kabisa, pima wanavyofanya sasa. Sio kwa kukadiria, pima. Mwaka 1945 mchumi George Stigler alitafuta mlo wa bei ndogo kabisa unaomtosha mtu mzima, vyakula 77 na virutubisho 9, hakuwa na simpleksi, akatumia akili na kujaribu jaribu akafika dola 39.93 kwa mwaka. Miaka miwili baadae tatizo lile lile likafanywa kwa simpleksi, makarani 9 na mashine za hesabu za mezani, kazi ya siku 120 za mtu mmoja, jibu likawa dola 39.69. Tofauti ni senti 24. Yule dereva wangu ana miaka mingi kwenye ile njia na kichwa chake kimeshafanya kazi ya Stigler, ukimlinganisha na njia ya kubuni uliyoitunga wewe ili modeli yako ionekane inaokoa sana, utafiti wako hauna thamani hata kama umepata A. Mimi mwisho nafuu niliyoipata kwenye kilomita ilikuwa ndogo, iliyokuwa kubwa ni muda wa kusubiri madukani, na nisingeijua bila lile daftari.

Mlioko upande wa afya mnaofanya foleni za kliniki, nawapa kitu kimoja tu, kanuni ya Little, aliithibitisha John Little mwaka 1961. Wastani wa watu waliomo ndani ni wanaoingia kwa saa mara muda ambao kila mmoja anakaa. Wanaingia 30 kwa saa, kila mmoja anakaa masaa 3, basi ndani wako 90. Tumieni hiyo kukagua data zenu kabla ya kitu chochote, chukua siku nzima kuanzia kliniki ikiwa tupu asubuhi mpaka inapokuwa tupu tena, kama rejista inasema 90 na wewe ulipohesabu vichwa ulipata wastani wa 50 basi kuna saa mtu ameiandika kwa kukumbuka. Nimeshaona tasnifu imerudishwa kwa hilo tu.

Na msisubiri tatizo litoke kwenye makala. Mwanahisabati Kantorovich kule Leningrad alianza haya mambo kwa sababu watu wa kiwanda cha plaiwudi walimletea swali la kugawa magogo kwenye mashine zao, akaandika mwaka 1939, na mwaka 1975 akapewa Nobeli ya uchumi pamoja na mchumi Koopmans. Swali lilitoka kiwandani, hesabu ikafuata.

Barua ya ruhusa ya data iombe mapema na iwe ya maandishi, mimi meneja alinikubalia kwa mdomo, akahamishwa, nikapoteza mwezi na nusu nikianza upya na aliyefuata.

Wiki mbili kabla ya kukabidhi nilirudi ghalani na ukurasa mmoja wenye njia mpya, nikawapa madereva kabla sijampa sapavaiza. Yule mzee akaniuliza, hii ni ya kiangazi au ya masika, maana hapa kwa Mbagala mvua ikinyesha hatupiti. Nikakaa chini nikaweka kikomo cha mvua, nikaendesha modeli upya usiku ule, na njia zikawa mbili.