Mazoezi kwa Wazee wa Mtaa

Swali: Sisi vijana wa Langoni, Lamu, tunataka kuwaandalia wazee wetu mazoezi ya pamoja. Tuanzie wapi, na yawe kwa kiasi gani?

Jibu: Waulizeni kwanza wazee wenyewe, kwa kuwa asiyeweza kupanda ngazi za nyumbani kwake ana haja tofauti na yule atembeaye hadi kijiji jirani cha Shela. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza dakika 150 hadi 300 za shughuli za mwili za nguvu ya wastani, kama kutembea kwa haraka, kwa wiki, mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na yale ya kuzuia kuyumba angalau siku 3. Haya ya mwisho ndiyo husahauliwa, ilhali kuanguka ndiko kunakowavunja nyonga wazee wetu. Baraza za mawe zilizo nje ya nyumba zatosha: mzee aketi, ainuke polepole bila kujisukuma kwa mikono, apumzike, arudie, kisha asimame kwa mguu mmoja huku vidole vikigusa ukuta. Wakati mzuri ni baada ya Alasiri, mahali pasipopitiwa na punda wenye mizigo. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua aonane kwanza na daktari; na akina mama watengewe ua wao, la sivyo wengi hawatahudhuria.