Kijiko kikianguka mara ya kumi

Dada umeuliza kama mtoto wa miezi 10 anayeangusha kijiko kila akikalishwa kula ni mtundu, jamani hapana, huyo yuko kwenye majaribio kabisa! Anaachia, anasikia mlio, anachungulia chini, halafu anakukodolea macho aone utafanyaje. Mpe na kitambaa adondoshe, aone mbona hakilii. Alafu funika kikombe chote na hicho kitambaa mbele yake, kuanzia kama miezi 8 hivi wengi wanakitafuta maana wameshaanza kujua kitu kisichoonekana bado kipo, Piaget, yule mwanasaikolojia wa watoto, aliliandika hilo zamani. Maji kwenye beseni nayo raha sana, hiki kinaelea hiki kinazama, ila usimwache peke yake hata sekunde, maji ya sentimita 5 tu yanatosha kumzamisha.