Kufunga kruzi kontroli kwenye Carina Ti ya gia za mkono: anza na breki, mwendo utafuata

Ndugu uliyeuliza, nimesoma maelezo yako kwamba una Toyota Carina Ti ya mwaka 1999 yenye injini ya 7A-FE na gia za mkono, na kwamba safari za Tabora hadi Dodoma kupitia Itigi zinakuacha na maumivu ya kifundo cha mguu wa kulia. Umeuliza ununue kifaa gani cha kruzi kontroli, yaani mfumo unaoshika mwendo wa gari bila mguu kukaa kwenye pedeli ya mafuta. Mchangiaji mmoja amekushauri uachane na vifaa, uvute waya wa choki hadi kwenye throto (mlango unaopitisha hewa kwenda kwenye injini), kisha uukaze kwa mkono gari likishafika mwendo unaoutaka. Mimi ninaishi Ipuli, ninaendesha gari la aina hiyohiyo lililofungwa mfumo huu, na ninajibu kwa kirefu kwa sababu ushauri wa waya wa choki unaweza kuua mtu.

Waya ule unashikilia mafuta tu, haujui gari linakwenda kasi gani. Ukipanda mwinuko mwendo utapungua, ukishuka utaongezeka, na siku ng'ombe watakapovuka barabara pale Kigwa utakanyaga breki huku injini ikiendelea kusukuma gari mbele. Kruzi kontroli hufanya mambo mawili tofauti kabisa na hayo: inalinganisha mwendo uliouchagua na mwendo halisi na kurekebisha throto mara kwa mara, na inaachia throto papo hapo mguu unapogusa breki. Jambo la kwanza ndilo tunalolilipia, lakini jambo la pili ndilo lenye kazi kubwa wakati wa kufunga, na fundi asiyeweza kukueleza gari litaachia kwa njia ngapi asiguse gari lako.

Kabla ya kifaa, litazame gari lenyewe. Carina yako inavuta throto kwa kebo inayotoka kwenye pedeli ya mafuta, hivyo unahitaji kifaa chenye mota yake na kebo yake ya pili. Kama kebo iliyopo ni kavu na inarudi kwa kusuasua, kama silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) haitulii, kama maunti za injini (mipira inayoishikilia) zimechoka kiasi kwamba injini inacheza kila unapobadili gia, au kama mshale wa spidomita unarukaruka, fedha yako ianzie huko. Mfumo huu unaiamini spidomita na unaiamini springi ya throto. Mfumo ukivikuta vibovu utavitumia vikiwa vibovu hivyo hivyo, tena bila mguu wako kuwapo wa kusahihisha.

Kuna vifaa vinavyotumia vakyumu ya injini (nguvu yake ya kunyonya hewa) na vingine vinavyotumia mota ya umeme. Nilichagua cha umeme, cha kampuni ya Rostra, na ninakushauri nawe uchague cha umeme wa aina yoyote utakayoipata ikiwa kamili. Vakyumu hupungua kadiri throto inavyofunguka, maana yake nguvu ya kuvuta kebo inakwisha wakati uleule gari linapohitaji mafuta zaidi. Sisi hapa Tabora tuko takriban mita 1200 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa uko chini ya ule wa pwani kwa karibu asilimia 13, na injini ndogo ya lita 1.8 haina akiba kubwa ya kugawia. Tena nimeona gari moja ambalo mpira wa kifaa ulikuwa umechukuliwa kwenye mpira mkubwa unaokwenda kwenye busta ya breki. Ukivuja hapo, breki inakuwa nzito. Sikuona sababu ya kuingia kwenye hatari hiyo ilhali mota ya umeme inahitaji waya chache tu.

Sasa mwendo. Kifaa kinahitaji kuhesabu mapigo kutoka kwenye sensa ya gia boksi, ambayo kwenye gari langu ina waya tatu: umeme, athi na ishara. Magari ya Japani ya kizazi hiki yalitengenezwa kwa kipimo kimoja cha spidomita, yaani mizunguko 637 kwa dakika gari likiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, na kwa kuwa kilomita 60 kwa saa ni kilomita moja kwa dakika, basi ni mizunguko 637 kwa kila kilomita. Ishara inayofika kwenye kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, hupiga mara 4 kwa kila mzunguko, hivyo unapata mapigo 2548 kwa kilomita. Vifaa vya Marekani vinahesabu kwa maili, na ukizidisha kwa 1.609 (kilomita za maili moja) unapata kama 4100, ndiyo maana kwenye swichi zile ndogo za kifaa nilichagua 4000. Usianze na kubahatisha namba hizo kwa kujaribu barabarani, maana namba iliyo mbali na ukweli inaweza kufanya kifaa kikatae kabisa au kivute kebo kwa pupa.

Waya wa ishara niliuchukua kwenye kontrol boksi, penye alama ya SPD kwenye mchoro, badala ya kulala chini ya gari penye vumbi na matope. Usiamini rangi ya waya uliyoiona kwenye video ya mtu mwingine. Inua tairi moja la mbele kwa jeki, weka stendi chini, zuia matairi ya nyuma kwa mawe, weka gia huru, washa swichi bila kuwasha injini, kisha mtu azungushe tairi polepole huku wewe ukitazama mita ya umeme. Voti zitapanda na kushuka kwa mpangilio. Zisipobadilika, waya huo siyo. Ishara ya mizunguko ya injini niliitoa kwenye kile kiboksi cha uchunguzi kilicho chini ya boneti, tundu lililoandikwa IG-. Kwa gari la gia za mkono ishara hii haikwepeki: ukikanyaga klachi wakati mfumo unavuta, mzigo unaondoka na injini inapaa, na kifaa kinatambua hali hiyo kwa kuona mizunguko imeruka ghafla. Hata hivyo sikutosheka na utambuzi huo peke yake. Nilifunga swichi kwenye pedeli ya klachi ili mfumo ukatike kabla injini haijapata nafasi ya kupaa.

Breki ndipo penye maneno mengi. Swichi ya taa za breki ina upande wenye umeme muda wote na upande unaokwenda kwenye taa. Mguu ukiwa juu, upande wa taa hauna umeme, lakini kifaa kinapata athi kupitia nyuzi za balbu. Mguu ukigusa, upande huo unapata voti 12 na kifaa kinaachia. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama bila kujua sababu. Magari yetu mengi yamebadilishiwa balbu za breki na kuwekwa za LED zinazouzwa madukani, na LED haina uzi wa kupitisha athi kama balbu ya kawaida. Matokeo yake kila waya uko mahali pake, fyuzi nzima, mota nzima, na mfumo unakataa kushika mwendo. Fundi wangu alikuwa ameanza kulaumu kifaa. Tulirudisha balbu za kawaida na mfumo ukakubali palepale. Anayezipenda LED zake anaweza kuzibakiza kwa kuweka relei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayotoa athi iliyo safi mguu ukiwa juu, lakini kwangu balbu mbili za kawaida ni suluhisho la bei rahisi na halina kitu cha ziada cha kuharibika.

Sikuishia hapo. Toyota zilizotoka kiwandani na mfumo huu zina swichi ya breki ya waya nne: waya mbili za taa, na nyingine mbili zinazopitisha umeme wa sumaku iliyo ndani ya mota. Sumaku hiyo ndiyo inayounganisha mota na kebo, na ikikosa umeme, springi ya throto inafunga yenyewe hata kama kompyuta ya kifaa imeganda. Nilitafuta swichi ya aina hiyo kwenye spea za mtumba, ikakaa kwenye mabano yaleyale ya pedeli, na nikapitishia humo umeme wa kifaa. Sasa breki inaachia kwa njia mbili zisizotegemeana, moja kwa ishara na nyingine kwa kukata umeme. Wapo watakaosema ni kuzidisha. Waseme.

Kebo ya mota ifungwe mahali ambapo haipiti karibu na manifoldi ya moshi, isikunjwe kwa kona kali, na iwe na ulegevu mdogo ili throto ifunge kabisa yenyewe. Mota yenyewe ikae kwenye bodi, mbali na maji yanayorushwa na tairi, kwa kuwa kuanzia Novemba hadi Aprili barabara zetu za vumbi zinageuka tope. Iungwe kwa mnyororo mdogo unaoweza kuvuta tu, usioweza kusukuma wala kuzuia kebo ya pedeli. Kagua hivi: injini ikiwa imezimwa, mwenzako akanyage pedeli hadi chini na kuiachia kwa ghafla, nawe usikie throto ikigonga kikomo chake kila mara. Ikikawia hata mara moja, usiwashe. Waya za ishara ziwe mbali na waya za plagi na distributa, na maungio yote yawe ya solda. Waya zilizosokotwa na kuzungushiwa selotepu zitakulaza njiani, Nyahua.

Jaribio la kwanza barabarani lisifanyike ukiwa safarini. Toka mjini kwa barabara ya Nzega hadi upite makazi, shika kilomita 60 kwa saa, bonyeza kitufe, kisha gusa breki kidogo sana. Mfumo unatakiwa kuachia kabla pedi hazijashika. Rudia kwa klachi, kisha kwa kitufe chake cha kuzima. Ujue pia njia ya mwisho, ambayo ni kurudisha ufunguo nyuma hatua moja tu bila kuuchomoa, ili usukani usijifunge. Ukiona gari linaongeza na kupunguza kama mtu anayepiga pampu, punguza ukali kwenye mpangilio wa kifaa. Kwangu lilikuwa hivyo mwanzoni, na kushusha ngazi moja kulitosha.

Kuhusu mahali pa kukitumia, njia yako ya Nyahua na Chaya kuelekea Itigi ndiyo bora kuliko zote ninazozijua, kwa sababu ni tambarare, miombo pande zote, na magari si mengi. Kwenye vijiji vyenye kibao cha 50 na matuta ninazima mapema, wala sisubiri tuta linizimishie. Mvua ikinyesha situmii kabisa, kwa sababu tairi likiingia kwenye dimbwi linapoteza kasi na kifaa kinajibu kwa kuongeza mafuta wakati usioufaa. Na kama siku moja utapita njia ya Igunga kwenda Singida, kumbuka kwamba mfumo huu unaweza kufunga throto tu, hauna breki: pale Sekenke ukishuka wakati wa kurudi gari litapita mwendo uliouweka, na hapo dawa ni gia ndogo na mguu wako mwenyewe.

Mwenzetu mwingine ameuliza kama RAV4 ya mwaka 2006 inahitaji kazi yote hii. Haihitaji. Gari hilo linafungua throto kwa umeme, na kompyuta ya injini mara nyingi inajua kruzi kontroli tayari. La shemeji yangu lilihitaji mkono wa vitufe unaofungwa upande wa kulia wa usukani, baada ya kuhakikisha kwamba waya wake upo hadi kwenye spairo (utepe wa waya unaozunguka pamoja na usukani) iliyo nyuma ya usukani na kwamba kompyuta ina tundu la CCS, yaani la kruzi kontroli. Mkono wa mtumba upimwe kwa mita kabla ya kulipa: kitufe cha kuwasha kisomeke karibu sifuri, cha kurejesha mwendo kama omu 240, cha kuweka mwendo kama 630, na cha kufuta kama 1540. Ila ili kuufikia lazima utoe eabegi, kwa hiyo chomoa hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Fundi anayetaka kuanza bila kuchomoa betri, mshukuru na uondoke.

Nirudi kwako. Mfumo uliokatwa kutoka Toyota nyingine ya miaka ya tisini unaweza kukufaa, mradi uje na kompyuta yake, mota, kebo, swichi ya breki ya waya nne, swichi ya klachi na waya zote zikiwa na plagi zake. Ukiuziwa mota na vitufe peke yake, umeuziwa chuma. Kabla hujaagiza kitu, pima waya wa SPD kwa namna niliyoeleza, angalia kama balbu zako za breki ni za kawaida au LED, na uhesabu waya zilizopo kwenye swichi ya breki. Andika majibu hayo hapa, nami nitakuambia waya upi unakwenda wapi kwenye kifaa utakachokuwa umekipata.