Nimwendee Rafiki Aliye Upande wa Pili?

SWALI: Mpendwa mshauri, usharika wetu uligawanyika miaka 3 iliyopita kwa mzozo wa uongozi na wa fedha za sadaka, na rafiki yangu niliyeimba naye kwaya tangu ujana aliondoka na kundi la pili. Hatusalimiani tena. Juzi tulikutana msibani. Niliinua mkono kumpungia, lakini nilipoona wenzangu wananitazama, niliupeleka kichwani nikajifanya narekebisha kitambaa. Usiku huo sikupata usingizi. Natamani kumwendea, ila naogopa kuitwa msaliti. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, nashukuru kwamba umeutaja mkono ule, kwa maana ndio unaoonyesha mahali penye jeraha: uliowaogopa siku ile ni watu wa upande wako mwenyewe. Mtume Petro naye alijikwaa papo hapo. Alikuwa amekwisha kuingia nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, na kule Antiokia alikuwa akila pamoja na waamini wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, lakini walipofika Wayahudi waamini kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akaanza kujitenga kwa hofu, Barnaba naye akafuata mkumbo, hata Paulo akamkemea mbele ya wote (Wagalatia 2:11–14). Petro hakuwachukia wale aliowaacha mezani, na hilo ndilo linaloniuma kila ninapoisoma habari hiyo.

Nenda, basi, na uende peke yako. Usibebe ujumbe wa kundi lako, wala usianze na hesabu za sadaka, kwa sababu jambo hilo lina wahusika wake na vikao vyake, na upendo haukudai useme kwamba kilichopotea hakikupotea. Anania, mwanafunzi wa Bwana, alipotumwa kule Dameski kwa Sauli, ambaye ndiye Paulo kabla hajawa mtume, alimweleza Bwana waziwazi mabaya ambayo mtu huyo aliwatenda watakatifu wa Yerusalemu. Hata hivyo, alipoingia katika nyumba ile alimwekea mikono, akamwita “Ndugu Sauli” (Matendo 9:17), kabla Sauli hajamwambia hata neno moja la toba. Ujasiri ninaokuombea ni wa namna hiyo, unaoyajua makosa yote na bado unatangulia kuita ndugu.

Kabla hujaondoka, waambie wenzako wawili watatu kwamba unakwenda, ili ziara yako isigeuzwe uvumi. Atakayekuita msaliti mjibu kwa upole mara moja, kisha usiendelee kujitetea.

Huenda rafiki yako asikufungulie moyo siku hiyo. Akikuacha mlangoni, msalimu uondoke bila kinyongo, na mtakapokutana tena mpungie mbele ya wote. Akikukaribisha ndani, anza na habari ya msibani: mwambie kwamba mkono ule ulikuwa wa kumsalimu.